Video za harusi hukatika zikikaribia kumalizika tunapozihifadhi kwenye diski ya mtandao: kosa liko wapi?

#1 MwanaNgamiani (Tanga), Jumatatu saa 3:15 usiku

Habari za usiku, wanajukwaa.

Tuna studio ndogo hapa Ngamiani, na kazi yetu kubwa ni harusi, maulidi na sherehe za kumuaga bibi harusi. Tunahariri kwa kompyuta 3 za Windows zilizounganishwa kwa waya kwenye swichi moja ya mtandao, na kwenye swichi hiyo kuna NAS, yaani kisanduku cha diski ya mtandao, yenye diski 2 zinazoakisiana, yaani kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa vilevile kwenye ya pili. Tangu tuinunue tumekuwa tukirenda (kuitoa video iliyohaririwa iwe faili kamili) moja kwa moja kwenye NAS, ili mwenzangu anayewawekea wateja kazi zao kwenye flashi azichukue hapohapo bila kuja mezani kwangu.

Kwa wiki 3 sasa kurenda kunakatika. Video fupi za dakika 10 hazijawahi kushindwa hata mara moja. Video ndefu hufika asilimia 90, 95, pengine 99, kisha programu inasema imeshindwa kuandika faili. Kinachobaki kwenye NAS ni faili la gigabaiti nyingi ambalo halifunguki popote. Nimekuwa nikiandika daftarini kila linapotokea: mara 9, na 7 kati ya hizo ni baada ya saa 10 alasiri. Mradi uleule nikiurenda kwenye diski ya ndani ya kompyuta, unakamilika salama.

Jumamosi iliyopita mama wa bibi harusi alikuja mara 2 kutoka Muheza kuchukua video ya binti yake, na mara zote mbili aliondoka mikono mitupu. Limeniuma sana, kwa sababu mama yule alitumia nauli yake kwa ahadi yangu. Naomba msiniambie tu kwamba nirende ndani kisha ninakili. Hilo nimekwisha kuanza kulifanya. Ninataka kujua sababu.

#2 NgomaZaDunda (Bagamoyo), Jumatatu saa 3:40 usiku

Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ni FAT32, namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye diski. Mwaka jana nilirekodi ngoma kwa siku nzima, nikarenda kwenye diski ya USB niliyoichomeka nyuma ya ruta, nikapata kosa hilohilo. Mfumo wa FAT32 haukubali faili moja lizidi gigabaiti 4; likifika hapo, uandishi unakoma hata kama diski ina nafasi tele. Nilihamisha kila kitu, nikaifomati upya kwa exFAT, na tangu siku hiyo sijaona tatizo. Angalia ukubwa wa mafaili yaliyokatika. Ukiona yote yamegota kwenye 4, umepata jibu.

#3 HesabuZaPicha (Tanga), Jumatatu saa 4:05 usiku

Ndugu wa Dunda, maelezo yako ni sahihi kwa diski yako, lakini hayakai vizuri na daftari la mwenzetu. Video inayorendwa kwa megabiti 16 kwa sekunde hufikisha gigabaiti 4 katika dakika ya 36 hivi. Kwa megabiti 10 hufikisha katika dakika ya 57. Kama kizuizi kingekuwa hicho, video ya dakika 70 kwa megabiti 16 ingekatika karibu na asilimia 50, na ingekatika hapo kila siku, asubuhi na jioni. Yeye anasema 90 hadi 99, na anasema alasiri.

MwanaNgamiani, unarenda kwa megabiti ngapi, na mafaili yaliyobaki yalikuwa na ukubwa gani?

#4 NgomaZaDunda (Bagamoyo), Jumatatu saa 4:20 usiku

Hesabu ninaikubali, lakini si programu zote zinazoandika faili la mwisho tangu mwanzo. Ninayotumia mimi huandika picha katika faili moja la muda na sauti katika lingine, kisha huyaunganisha mwishoni. Kwa mtindo huo kizuizi cha gigabaiti 4 hukutwa wakati wa kuunganisha, na asilimia inayoonekana kwenye kioo huwa tayari imepita 90. Kwa hiyo msiiondoe FAT32 mapema hivyo.

#5 FundiWaya_Chumbageni (Tanga), Jumanne saa 1:10 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi ninavuta nyaya za mtandao maofisini na majumbani, na ningeanza kwenye vichwa vya waya kabla ya kugusa mafaili.

Sisi tunakaa pwani. Hewa ya chumvi inaingia kila mahali, na kwenye mtandao inaanzia pale ambapo shaba imeachwa wazi, ndani ya kichwa cha plastiki kilichobanwa vibaya. Nimekata vichwa vingi huku Raskazone na kando ya bandari, nikakuta ndani kuna ukijani kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Waya wa mtandao una nyuzi 8, yaani jozi 4. Mtandao wa megabiti 100 unatumia jozi 2 tu, pini za 1, 2, 3 na 6. Mtandao wa gigabiti unatumia jozi zote 4. Uzi mmoja ukilegea, mara nyingi kompyuta na swichi hukubaliana kimyakimya kushuka kutoka megabiti 1000 hadi 100, na mwenye kompyuta hatambui chochote, kwa sababu intaneti inaendelea kufunguka kama kawaida.

Kushuka huko peke yake kunachelewesha tu. Hatari ni waya unaopanda na kushuka: joto la alasiri, feni inayotikisa meza, mtu anayepitisha mguu. Kila mara unapoachana na kushikana tena, mawasiliano hukatika kwa sekunde chache. Anayesoma habari hataona. Anayeandika faili la gigabaiti 8 ataona.

Fungua mipangilio ya mtandao kwenye kila kompyuta usome kasi ya muunganisho. Usisome kwenye moja tu.

#6 MzeeWaKaole (Bagamoyo), Jumanne saa 2:30 asubuhi

Vijana wangu, kabla ya kutafuta nani amekata, tueleze kwanza kwa nini faili likikatika asilimia 99 linakuwa halina faida kabisa, kwa maana hilo ndilo linalomuumiza mwenzetu kuliko mengine.

Faili la MP4 lina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni picha na sauti zenyewe, na hiyo ndiyo inayojaza karibu ukubwa wote. Ya pili ni ndogo sana, nayo ni faharasa: inasema kila fremu iko wapi, ina urefu gani, na inakwenda na sauti ipi. Programu haiwezi kuijua faharasa kamili kabla haijamaliza kurenda, hivyo kwa kawaida huiandika mwishoni. Uandishi ukikatika kabla ya hapo, una kitabu chenye kurasa zote lakini zimemwagwa sakafuni bila namba, na kichezeshi hakijui pa kuanzia.

Kuna jambo la ziada. Ukichagua video iwe tayari kwa intaneti, faharasa lazima ikae mwanzoni mwa faili. Baadhi ya programu hutimiza hilo kwa kuandika faili lote, kisha kulisoma na kuliandika upya zima ili kupisha nafasi mbele. Kwenye diski ya ndani kazi hiyo ni fupi. Kwenye mtandao, faili la gigabaiti 8 linasafiri kwenda, linasafiri kurudi, na linasafiri kwenda tena. Katika muda huo kioo kinaonyesha asilimia 99 na hakisogei. Hapo ndipo ningechunguza: je, chaguo hilo limewashwa?

#7 HesabuZaPicha (Tanga), Jumanne saa 2:50 asubuhi

Shikamoo, Mzee. Nakuongezea hesabu. Kwa megabiti 100, mtandao mzuri hubeba karibu megabaiti 11 kwa sekunde. Faili la megabaiti 8,500 linahitaji dakika 13 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa gigabiti hubeba karibu megabaiti 110, kwa hiyo ni chini kidogo ya dakika moja na nusu. Maelezo yako na ya FundiWaya yanakutana hapo: waya mbovu haubadilishi kazi, lakini unarefusha mara 10 ule muda ambao faili liko hatarini.

#8 MwanaNgamiani (Tanga), Jumanne saa 5:00 asubuhi

Asanteni. Majibu kwa mpangilio wa maswali.

Ninarenda kwa megabiti 16. Mafaili yaliyobaki yana ukubwa tofauti: moja gigabaiti 8.1, jingine 6.4, jingine 3.2. Nimeingia kwenye mipangilio ya NAS, nayo inasema diski zake zimefomatiwa kwa ext4, wala si FAT32. Chaguo la video ya intaneti limewashwa, na sikujua kazi yake. Lilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kasi ya muunganisho: kompyuta ya kwanza 1000, ya pili 1000, ya tatu 100. Nimerudi daftarini. Kati ya mara 9, ya tatu ilishindwa mara 5, ya pili mara 3, ya kwanza mara 1.

#9 FundiWaya_Chumbageni (Tanga), Jumanne saa 5:04 asubuhi

Badilisha waya wa ya tatu leo. Tafadhali usibane upya kichwa cha zamani. Nunua uliobanwa kiwandani.

#10 NgomaZaDunda (Bagamoyo), Jumanne saa 5:30 asubuhi

Nimeondoa hoja yangu ya FAT32. Hata bila hiyo ext4, faili la gigabaiti 3.2, ambalo halikufika 4, lingeivunja lenyewe.

Lakini FundiWaya, mara 4 kati ya 9 zimetokea kwenye kompyuta zenye kasi kamili. Waya wa ya tatu hauwezi kuwakatia jirani zake.

#11 BintiPangani (Pangani), Jumanne saa 8:15 mchana

Habari za mchana, kaka zangu na Mzee wetu. Mimi sina studio ya harusi. Ninarekodi wavuvi na mafundi wa majahazi, na ninarenda nyumbani ambako umeme hupungua nguvu jioni, kila nyumba inapowasha taa, pasi na majiko. Haukatiki. Taa inafifia kwa nusu sekunde na kurudi.

Kompyuta yangu iko kwenye UPS (betri inayoshikilia umeme unapoyumba), kwa hiyo haikutikisika kamwe. Diski yangu ya mtandao pia iko kwenye UPS. Nilihangaika miezi 2 nikiamini kwamba umeme hauwezi kuwa sababu, hadi siku moja nilipokuwa nimekaa chini kuokota kalamu, nikaona taa za swichi zote zimezimika na kuwaka upya. Kile kisanduku kidogo cha plastiki kilikuwa kimechomekwa ukutani moja kwa moja, kwa kuwa hakuna aliyekihesabu kuwa ni mtambo. Umeme ukifumba jicho, chenyewe kinaanza upya, na kinachukua sekunde kadhaa kabla ya kupitisha chochote. Kompyuta iko hai, diski iko hai, lakini njia ya kati imekatika.

Saa 10 alasiri hadi usiku ndio wakati wenyewe. Kaka MwanaNgamiani, swichi yako imechomekwa wapi?

#12 MwanaNgamiani (Tanga), Jumanne saa 8:40 mchana

Ukutani, dada yangu. Kompyuta 3 na NAS ziko kwenye UPS. Swichi na ruta ziko ukutani, nyuma ya kabati.

#13 MhaririRaskazone (Tanga), Jumanne saa 11:20 jioni

Maelezo ya BintiPangani yananivutia, lakini alasiri kuna jambo jingine linalotokea studio kwenu, nami ninalijua kwa sababu kwetu ni hivyohivyo: wateja wanakuja. Wanakaa kwenye kochi, wanaomba nenosiri la Wi-Fi ili watazame picha zao, na simu 5 au 6 zinaingia kwenye mtandao uleule wa kazi.

Ruta huzigawia simu anwani za mtandao kutoka kwenye akiba yake. Ikiwa NAS yenu ilipewa anwani ya kudumu kwa mkono, na anwani hiyo imo ndani ya akiba ya ruta, itafika siku simu ya mgeni itagawiwa anwani ya NAS. Hapo vifaa 2 vina anwani moja. Kompyuta inayoandika itapeleka kipande cha faili kwa NAS, kipande kinachofuata kwa simu ya shemeji wa bwana harusi, simu itakikataa, na programu itatangaza kwamba imeshindwa kuandika. Mgeni akiondoka, kila kitu kinarudi sawa, na ukipima hukuti kasoro yoyote.

Hii inaeleza kwa nini inatokea kwa kompyuta zote, na kwa nini alasiri.

#14 HesabuZaPicha (Tanga), Jumanne saa 12:05 jioni

Kwa tahadhari kidogo: ruta nyingi huuliza kwanza mtandaoni kama kuna mwenye anwani ile kabla ya kuigawa, na NAS ikijibu, hupita na kugawa nyingine. Si zote zinazouliza, na NAS iliyokuwa imelala au ndiyo kwanza inawaka huenda isijibu kwa wakati. Kwa hiyo inawezekana, ila isichukuliwe kuwa jambo la kila jioni.

#15 Makuti (Bagamoyo), Jumanne saa 2:10 usiku

Nyote mnaichunguza njia, na hakuna aliyeuliza kuhusu mahali mzigo unaposhushwa. Ndugu mwenye mada, diski zilizomo ndani ya NAS ni za aina gani?

Ninauliza kwa sababu kuna diski ambazo mistari yake ya kuandikia imepandiana kama makuti kwenye paa. Anayeezeka anajua: kuti la juu linafunika sehemu ya kuti la chini, na ukitaka kubadilisha moja la katikati huna budi kuinua yaliyo juu yake. Diski za namna hiyo, zinazojulikana kwa herufi SMR, hubeba data nyingi kwa bei nafuu, na kwa kusoma ni nzuri. Kwa kuandika, zina sehemu ndogo ya kupokelea mizigo haraka. Ukiandika faili dogo linaingia hapo na diski inaonekana hodari. Ukiandika mfululizo hadi sehemu hiyo ikajaa, diski inalazimika kuinua makuti na kupanga upya huku ukiendelea kuisukuma, na kasi inaanguka hadi megabaiti chache kwa sekunde, pengine inanyamaza kabisa kwa muda. Programu inayosubiri jibu huona kimya, nayo hukata tamaa.

Ndiyo maana dakika 10 zinapita kila mara. Mwaka 2020 kulikuwa na malalamiko makubwa duniani baada ya kubainika kwamba hata diski zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa za aina hiyo bila maelezo wazi kwa mnunuzi.

#16 NgomaZaDunda (Bagamoyo), Jumanne saa 2:25 usiku

Jirani yangu Makuti, jina lako limekupeleka moja kwa moja kwenye paa. Lakini diski haijui saa. Kwa nini ichoke alasiri na isichoke asubuhi?

#17 Makuti (Bagamoyo), Jumanne saa 2:50 usiku

Kwa sababu ya kazi zinazotangulia. Nafikiri studio ya harusi hupokea kadi za kamera mchana, baada ya wapigapicha kuamka kutoka kwenye sherehe ya usiku. Gigabaiti 100 au 200 za kadi zinamiminwa kwenye NAS kuanzia adhuhuri. Ifikapo saa 10, sehemu ya kupokelea imejaa na diski bado inapanga makuti yake, ndipo unaanza kurenda. Asubuhi inakuwa imepumzika usiku kucha. MwanaNgamiani atuambie kama ndivyo ilivyo.

#18 MwanaNgamiani (Tanga), Jumanne saa 3:30 usiku

Ndivyo ilivyo. Kadi huingia kati ya saa 6 na saa 9 mchana, moja kwa moja kwenye NAS ileile.

Nakiri kwamba sasa nina sababu 4 zote zenye alasiri ndani yake, na kila moja ninaposoma ninaiamini.

#19 SevaYaKange (Tanga), Jumatano saa 1:45 asubuhi

Niongeze upande wa Windows, kwani umeachwa. Kwanza, herufi ya diski ya mtandao uliyoiunganisha kama mtumiaji wa kawaida haionekani kwa programu uliyoifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Pili, itifaki ya zamani ya SMB1 (SMB ndiyo lugha ambayo Windows huitumia kufikia mafaili ya mtandaoni) haiwekwi tena kwa kawaida tangu Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017, mwaka uleule virusi vya WannaCry vilipoitumia kuenea. Tatu, Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 kwa kawaida, isipokuwa la Home, linadai kila ujumbe wa SMB utiwe saini, na NAS yenye prosesa dhaifu inaweza kuelemewa na kazi hiyo. Nne, Windows inapokuwa seva, kikao kisichotumika hukatwa baada ya dakika 15.

#20 HesabuZaPicha (Tanga), Jumatano saa 2:10 asubuhi

La kwanza na la pili yangezuia kurenda kusianze kabisa, na mwenzetu anafika asilimia 99. La nne halihusu NAS yake, ambayo si ya Windows, na tena kikao kinachoandikiwa kila sekunde hakiwezi kuitwa kisichotumika. La tatu ni la kupimwa: tuambiwe matoleo ya Windows yaliyopo.

#21 SevaYaKange (Tanga), Jumatano saa 2:30 asubuhi

Nimekubali kuhusu la kwanza na la pili. Kuhusu la nne, kumbuka alichosema NgomaZaDunda kwenye #4: programu inayoandika mafaili ya muda kwenye diski ya ndani haigusi diski ya mtandao hadi mwisho. Katika saa nzima ya kurenda, kikao kinaweza kuwa kimelala kweli, na diski za NAS pia zikawa zimelala ili kupunguza umeme. Kuziamsha huchukua sekunde kadhaa.

#22 MwalimuWaLugha (Tanga), Jumatano saa 4:00 asubuhi

Ninasoma kwa makini ingawa mimi si fundi, na ninaomba kuuliza jambo la maneno. Mnasema "kurenda kwenye NAS". Kutokana na maelezo yenu, ninaona kazi mbili: moja ni kuitengeneza video, kwa maana ya kompyuta kupika kila fremu, na nyingine ni kuisafirisha na kuihifadhi. Neno mlilochagua limezibeba zote kwa pamoja, na programu nayo inatoa ujumbe mmoja wa kosa kwa zote mbili. Je, hilo halichangii ugumu wa kumtafuta mkosaji?

#23 MzeeWaKaole (Bagamoyo), Jumatano saa 4:25 asubuhi

Mwalimu, umelisema vizuri kuliko sisi. Kupika ni kazi ya saa nyingi ambayo haihitaji mtandao hata kidogo. Kusafirisha ni kazi ya dakika chache ambayo inaweza kurudiwa bila hasara. Tukiziunganisha, kazi ndefu inabeba udhaifu wote wa kazi fupi: sekunde 3 za swichi zinafuta saa 2 za prosesa.

Najua MwanaNgamiani hataki jibu hili, lakini mimi ninarenda ndani, kisha ninanakili kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili, nikiwa nimeweka /Z, ambayo ikikatizwa huendelea pale ilipoishia. Baadaye ninalinganisha alama za SHA256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima) za mafaili yote mawili kwa certutil, amri nyingine ya Windows, na zikilingana ndipo ninafuta la ndani.

#24 FundiWaya_Chumbageni (Tanga), Jumatano saa 5:15 asubuhi

Mzee, kwa heshima zote, utaratibu huo unakuokoa wewe lakini unauficha ugonjwa. Waya mbovu utaendelea kuwa mbovu, robocopy itaendelea kurudia kimyakimya, na siku ambayo nakala pekee iliyobaki ya harusi ya mtu iko kwenye NAS na inasomwa kupitia waya huohuo, tutarudi hapa. Kosa lililoonekana ni afadhali kuliko kosa lililozibwa.

#25 MzeeWaKaole (Bagamoyo), Jumatano saa 5:40 asubuhi

Sikatai, mwanangu. Nahodha anaziba ufa baharini na anaukarabati akifika bandarini. Mteja wa Muheza yuko baharini sasa.

#26 BintiPangani (Pangani), Jumatano saa 7:30 mchana

Je, mafaili yale 9 yaliyokatika hayawezi kuokolewa? Kuna programu zinazojenga upya faharasa ya MP4 kwa kuiga faili zima lililorendwa na programu ileile kwa mipangilio ileile. Nimewahi kufanikiwa mara moja, na mara nyingine sauti ilitangulia picha.

#27 MwanaNgamiani (Tanga), Jumatano saa 3:45 usiku

Dada, miradi yote bado ninayo, kwa hiyo ninairenda upya. Video ya Muheza imekamilika kwenye diski ya ndani, na nitaipeleka mwenyewe kesho asubuhi ili mama yule asitoe nauli tena.

Nimeyafanya haya: nimebadilisha waya wa kompyuta ya tatu, na sasa inasoma 1000. Kichwa cha zamani nimekikata, nacho kina ukijani kama alivyosema FundiWaya. Swichi na ruta nimezihamishia kwenye UPS. Anwani ya NAS ni 192.168.1.20, na akiba ya ruta inaanzia 2 hadi 254, kwa hiyo MhaririRaskazone alihisi vyema; bado sijaibadilisha, ili nisibadilishe kila kitu kwa siku moja. Chaguo la video ya intaneti pia nimeliacha lilivyo. Windows zote ni 10, kwa hiyo suala la saini nimeliweka kando. Jioni hii nimerenda video 3 ndefu kwenye NAS, zote zimekamilika.

#28 FundiWaya_Chumbageni (Tanga), Jumatano saa 3:52 usiku

Alhamdulillahi. Waya.

#29 BintiPangani (Pangani), Jumatano saa 4:01 usiku

Swichi pia imehamishwa jioni hiyohiyo, kaka. Tusubiri.

#30 MwanaNgamiani (Tanga), Alhamisi saa 2:20 usiku

Imeshindwa tena. Kompyuta ya pili, saa 12:40 jioni, asilimia 96, faili la gigabaiti 7. Umeme haukutikisika, nilikuwa nimekaa nikitazama taa za swichi, na hazikuzimika. Wateja walikuwa 2, mmoja alikuwa kwenye Wi-Fi. Nimesoma kumbukumbu za NAS: hakuna onyo la mgongano wa anwani, lakini kuna mstari unaosema diski ya pili ilichelewa kujibu, saa 12:38. Mchana tulikuwa tumeingiza kadi 4 za kamera.

#31 Makuti (Bagamoyo), Alhamisi saa 2:31 usiku

Diski ya pili peke yake? Diski 2 zinazoakisiana huenda kwa mwendo wa ile iliyo polepole. Tafadhali soma lebo za zote mbili, namba ya modeli kamili hadi herufi za mwisho, kwa kuwa herufi 2 za mwisho ndizo zinazoweza kutofautisha.

#32 FundiWaya_Chumbageni (Tanga), Alhamisi saa 2:40 usiku

Diski iliyochelewa kujibu inaweza pia kuwa diski inayoanza kufa, au plagi yake ya ndani imeliwa na chumvi ileile. Kabla ya kuilaumu aina yake, soma ripoti ya afya ya SMART ambayo diski huitoa yenyewe, hasa idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vibovu ambavyo diski imevibadilisha kwa vya akiba. Na mtu asinakili kadi nyingine humo kabla nakala ya kazi zote haijawa mahali pengine.

#33 MhaririRaskazone (Tanga), Alhamisi saa 2:55 usiku

Nami naomba anwani ya NAS itolewe kwenye akiba ya ruta kabla ya sherehe ya Jumapili. Kumbukumbu za NAS kutotaja mgongano hakuthibitishi kwamba haukutokea.

#34 MwanaNgamiani (Tanga), Alhamisi saa 4:10 usiku

Anwani nimeibadilisha sasa hivi. Nakala ya kazi zote inaendelea kwenda kwenye diski ya nje ya USB, na itachukua usiku mzima. Diski ya kwanza inaonyesha sekta zilizohamishwa 0, ya pili 16. Namba ya modeli ya ya pili haisomeki kwenye mipangilio, inaonyesha nusu tu, hivyo nitazima NAS kesho baada ya alfajiri, niitoe diski na kupiga picha lebo yake kabla wenzangu hawajafika. Makuti na FundiWaya, nitaiweka picha hapa kabla ya saa 2.